Pikapu imenigomea Mambrui baada ya mafuta ya karai

Shikamoo Mzee Fundi,

Mimi ni mchukuzi wa samaki kutoka Ngomeni. Nina pikapu ya Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya 3L, na ndiyo inayonilishia watoto. Kila siku isipokuwa Ijumaa naondoka alfajiri na samaki kwenye barafu, nashusha Malindi sokoni na kwenye hoteli nne, na watalii wakiwa wengi nafika hadi Watamu. Kwa siku natia lita 25 za dizeli. Tangu ile Septemba 2023 dizeli ilipovuka shilingi 200 kwa lita sijapumua vizuri. Bei ilishuka baadaye, lakini bado nanunua kwa 172, na wateja wangu hawataki kusikia kwamba samaki amepanda kwa sababu ya mafuta ya gari.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mpishi kwenye hoteli moja mjini. Ndiye aliyeniingiza katika jambo hili, na nasema mapema kwamba nia yake ilikuwa njema. Aliniambia mafuta ya kukaangia chipsi na samaki yakishachakaa humwagwa, na kwamba injini ya kwanza kabisa ya dizeli ilitembea kwa mafuta ya karanga. Basi tukaanza. Tukawa tunayachuja kwa leso kuukuu, nusu mafuta ya karai, nusu dizeli ya stesheni. Wiki tatu za kwanza gari ilienda vizuri tu. Moshi ulikuwa unanukia bajia, watoto wa Gongoni wakilikimbilia gari kwa nyuma. Mfukoni nikaona tofauti.

Wiki ya nne, karibu na Mambrui, gari ikaacha kuvuta. Nikikanyaga mafuta inakohoa, kisha inazima. Nilisimama pale mpaka jua likawa kali, barafu ikayeyuka, na samaki wote wakaniharibikia. Tangu siku hiyo asubuhi haitaki kuwaka, na ikiwaka inatoa moshi mweupe. Fundi mmoja amesema pampu imekufa, kuikarabati ni shilingi 38,000. Mwingine amesema ni filta tu.

Shemeji anasema kosa letu ni kutia mafuta mabichi, kwamba yanatakiwa yapikwe kwanza kwa methanoli, aina ya spiriti, na kostiki soda ndipo yawe biodizeli. Amekwisha kununua lita 20 za methanoli Mombasa, 180 kwa lita, na kwa kuwa chumba chake ni kidogo ameziweka kwangu stoo, kwenye chupa za soda za lita mbili. Anataka tupike kwenye pipa nyuma ya nyumba, na yatakayozidi tuwauzie watu wa tuktuk kwa 130. Lakini mafuta yenyewe ya hoteli, ambayo mwanzo yalikuwa ya bure, sasa mtunza stoo wao anataka 70 kwa lita. Kwa wiki tunapata kama lita 40 wageni wakiwapo. Shangazi yangu wa viazi karai hutupa lita nne au tano.

Nauliza: hii biodizeli ni kitu cha kweli? Na kama ni kweli, nitapata wapi mafuta ya bei ninayoiweza? Mke wangu ameniambia niache kabisa, na sasa yeye na kaka yake hawasemezani, mimi niko katikati.

Mchukuzi, Ngomeni

Marahaba, mwanangu. Pole kwa samaki walioharibika. Najua gunia la barafu linavyonunuliwa na najua mvuvi anayekudai hangoji.

Kabla sijagusa pampu yako, nenda stoo. Zile chupa za soda zitoke ndani ya nyumba leo, si kesho. Methanoli ni nyeupe kama maji na harufu yake haimtishi mtoto. Chupa ya soda kwa mtoto ni soda. Vijiko vichache vyaweza kumpofusha au kumuua, na ubaya wake ni kwamba dalili hazitokei papo hapo. Mtu huweza kukaa nusu siku au zaidi akidhani amepona. Mwaka 2014 watu wengi walikufa hapa Kenya, na wengine wakapoteza macho, kwa pombe iliyotiwa methanoli. Waliokunywa walikuwa watu wazima. Mtoto mwili wake ni mdogo zaidi.

Weka chupa zote nje kwenye kivuli, mahali panapofungwa kwa kufuli, mbali na jiko, na uziandike SUMU kwa herufi kubwa. Kisha shemeji azirudishe kwa aliyemuuzia. Usimwage kisimani wala mtaroni. Na ikiwa mtoto yeyote ataonja, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, na ubebe ile chupa ukawaonyeshe madaktari. Usingoje aanze kutapika.

Sasa tuje kwenye gari. Hao mafundi wawili huenda kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini usilipe 38,000 kwa kusikia tu. Chukua mtungi safi, tia dizeli safi ya stesheni, uuning'inize juu karibu na injini, kisha chomoa mpira unaotoka tangini, na pampu uiunganishe na mtungi kupitia filta mpya. Toa hewa yote, halafu washa. Gari ikivuta, pampu yako ni nzima, na shida iko nyuma: tangi, mipira na filta. Isipovuta, peleka nozo, zile zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini, zikapimwe kwenye mashine kabla ya kugusa pampu. Nozo hupatwa mapema, kwa sababu mafuta mabichi hayaungui yote, huacha kaa gumu kwenye ncha, na badala ya kunyunyiza ukungu zinadondosha matone. Moshi wako mweupe wa asubuhi ni dizeli inayotoka bila kuungua. Nozo zaweza kuwa ndizo mkosaji, na kuzisafisha ni nafuu sana ukilinganisha na pampu.

Tangi lishushwe, lioshwe. Najua utakachokikuta chini: uji wa kahawia, ni unga wa bajia uliopita kwenye leso yako na mafuta yaliyoganda. Leso haichuji kitu kidogo kiasi cha kuziba filta ya dizeli. Hata macho hayakioni.

Jambo jingine ambalo fundi wako hakulitaja ni oili ya injini. Mafuta ya kupikia yasiyoungua hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka sampuni, lile bakuli la oili chini ya injini, na humo hujiunga na oili hadi ikawa nzito kama uji, halafu kama jeli. Injini ikifika hapo haina tiba ya shilingi 38,000. Vuta kijiti cha kupimia oili, chukua tone, lisugue kati ya vidole. Ukiiona imekuwa nzito kuliko kawaida, au imepanda juu ya alama, usiwashe tena hata dakika moja mpaka umwage yote na kubadilisha na filta yake. Hata ukiiona sawa, badilisha. Umetembea karibu mwezi mzima kwa mafuta ya chipsi.

Una bahati ya gari, kwa kweli. Injini ya 3L ni ya zile za kizamani, mafuta hayapulizwi moja kwa moja juu ya pistoni bali kwenye chemba ndogo ya pembeni, na hizo huvumilia mengi. Lau ungekuwa na moja ya hizi mpya zenye reli ya presha kubwa na kompyuta, tusingekuwa tunazungumza habari ya nozo, tungekuwa tunazungumza habari ya kuuza gari.

Shemeji yako ameisikia habari ya karanga, na haikuzushwa yote. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga na watu hawakujua tofauti mpaka walipoambiwa. Lakini haikuwa injini ya kwanza. Rudolf Diesel alikuwa amezijaribu zake kwa mafuta ya ardhini miaka kadhaa kabla. Na injini za wakati ule zilikuwa chuma kizito cha kukaa mahali pamoja, si nozo yenye tundu jembamba kama unywele. Mafuta ya kupikia ni mazito kuliko dizeli mara kumi au zaidi. Pampu yako inayasukuma kwa nguvu isiyo yake.

Kwa hiyo shemeji amekosea mwanzo, lakini mwisho amesema kweli. Ulichotia hakikuwa biodizeli. Biodizeli ni kitu cha kweli, na nchi nyingi huichanganya ndani ya dizeli ya stesheni kila siku. Fikiria mafuta ya kupikia kama kamba tatu zilizofungwa kwenye kijiti kimoja. Kijiti ni gliserini. Methanoli, ikisaidiwa na kostiki soda, hukata kamba moja moja na kukaa mahali pa kijiti. Gliserini huzama chini, juu hubaki mafuta mepesi, ya rangi ya asali, ambayo uzito wake unakaribia wa dizeli. Hayo ndiyo yanayoingia kwenye injini. Yanalainisha pampu hata kuliko dizeli yenyewe, na hili lina maana kwetu kwa sababu tangu 2015 dizeli ya Afrika Mashariki imepunguzwa salfa, na salfa ikitolewa ule ulaini wa asili hupungua pia.

Tatizo ni kupika nyuma ya nyumba. Mafuta ya karai yaliyochoka yana maji ndani na yana asidi, na kila dumu ni tofauti na jingine. La hoteli inayobadilisha mafuta kila siku tatu si sawa na la shangazi anayeyatumia mpaka yawe meusi. Kostiki soda isipopimwa upya kwa kila pipa, unapata pipa zima la sabuni. Maji yakibaki, sabuni tena. Na methanoli inachemka kwenye nyuzi 65 tu, chini sana ya maji, mvuke wake hutambaa ardhini ukitafuta moto, na ukishika, mchana wa jua la Ngomeni huuoni ule moto. Mtu anaungua bila kujua anaungulia wapi. Inaingia hata kwenye ngozi. Kazi hii ina watu wake, wenye chombo kilichofungwa, banda la wazi, glavu, miwani na mizani. Pipa na kuni, hapana. Hapo niko upande wa mke wako bila kupinda.

Na hata tukiiweka hatari pembeni, hebu tuihesabu biashara yenyewe. Lita 100 za mafuta kwa 70 ni shilingi 7,000. Zinahitaji kama lita 20 za methanoli, 3,600. Kostiki soda, moto na maji tuseme 600. Jumla 11,200, unapata kama lita 95 zinazofaa. Ni karibu 118 kwa lita. Lakini lita ya biodizeli ina nguvu pungufu kwa kiasi cha asilimia 8, kwa hiyo kwa mwendo ule ule ni kama umenunua kwa 128. Tofauti na 172 ni shilingi 44. Lita zako 40 za wiki zinatoa kama lita 38, zinazofanya kazi ya lita 35 za dizeli, kwa hiyo unaokoa kama 1,540. Ukarabati mmoja wa pampu, ile 38,000, unakula karibu miezi sita ya akiba hiyo, na sijahesabu jasho lenu, wala pipa litakaloharibika.

Ukitazama tena, unahitaji lita 150 kwa wiki na una 40. Mtu mmoja na pikapu moja hawawezi kuifanya kazi hii ilipe. Lakini kuna kitu katika barua yako ambacho umekiandika kwa haraka, na mimi nilipokisoma nikasimama. Unaingia kwenye jikoni za hoteli nne za Malindi karibu kila siku, na mara nyingine unafika Watamu, na unarudi Ngomeni gari tupu.

Wanaotengeneza biodizeli gharama inayowaumiza ni kuzunguka kukusanya. Gari ya kukusanya inachoma mafuta kwenda na kurudi kwa ajili ya dumu mbili. Wewe gari yako tayari imeshalipiwa safari na samaki. Na shemeji anawajua wapishi. Huo ndio mtaji wenu, wala si pipa.

Wako watengenezaji Nairobi wanaonunua mafuta machakavu ya mahoteli, na Mombasa uliza vilevile. Piga simu, waulize wanachukua kuanzia lita ngapi, wanalipa kiasi gani, na kama watakubali kulipa kwa biodizeli badala ya pesa. Ukipata wa karibu anayekubali kubadilishana, una mafuta yako bila kupika tone. Kama wote wako mbali mno, uza mafuta upate fedha, na ununue dizeli ya kawaida. Usione haya kwa hilo. Lengo lako lilikuwa gari itembee kwa gharama unayoiweza.

Kuhusu bei ya 70, mtunza stoo aliona mnayataka naye akapandisha, ndivyo soko lilivyo. Ila yeye naye ana shida. Mafuta yakimwagwa kwenye sinki mabomba yanaziba, na yakihifadhiwa yanaleta mende na panya. Nenda kwa meneja, si mtunza stoo. Mwambie utaleta mitungi safi yenye vifuniko, utachukua Jumatatu na Alhamisi bila kukosa hata msimu wa masika wageni wakipungua, na uandikishane naye kwa karatasi. Hoteli humpenda mtu anayekuja siku aliyosema. Hapo mzungumze bei ya 30 au 40. Na mahali anapokataa, pita nenda hoteli ya pili. Mitungi ya mafuta isikae kwenye boksi la samaki, kila kitu na sehemu yake, usije ukapoteza wateja wa samaki kwa ajili ya mafuta.

Ya shangazi mwachie. Lita nne si kitu, na akishazoea kukupa atayakaanga zaidi ya yanavyopaswa ili akukusanyie, na wanaokula viazi vile ni majirani zenu.

Watu watakushauri mambo mengine. Mafuta mapya ya dukani, yapige hesabu, ni ghali kuliko dizeli. Ya nazi vilevile. Nazi ya Kilifi ina bei nzuri zaidi ikiwa nazi. Mbono kaburi, ule mmea wa uzio, ulisifiwa sana huku kwetu kwa mafuta ya mbegu zake. Palikuwa na mpango wa kuupanda kwenye maelfu ya hekta msitu wa Dakatcha, juu ya Magarini, wenyeji na watetezi wa msitu wakaupinga na haukufika popote. Mimi nilifurahi. Na yeyote atakayekwambia uchanganye mafuta ya taa, mkimbie. Mafuta ya taa hayalainishi pampu, na serikali iliyawekea tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 kwa sababu ya mchezo huo huo.

Ukifanikiwa kupata biodizeli iliyotengenezwa sawasawa, anza na sehemu moja kwa nne za dizeli, yaani lita 5 ndani ya 25. Kwa wiki ni lita 30, kiasi ambacho mafuta ya hoteli zako yanakitosheleza. Usitie yote. Biodizeli husafisha uchafu wa miaka ndani ya tangi na kuupeleka kwenye filta, kwa hiyo beba filta ya akiba mwezi wa kwanza. Mipira ya zamani ya mafuta huvimba na kulainika, gari ya umri wa yako ibadilishiwe mipira inayostahimili. Usiiweke kwenye chombo cha shaba, na usiikalishe zaidi ya miezi michache, maana hewa yetu ya pwani ina unyevu na biodizeli huunywa. Kuganda kwa baridi, jambo linalowasumbua wa bara, Malindi halikuhusu.

Na kabla ya kununua kwa mtu, ijaribu. Chukua chupa ya kioo, nusu maji nusu mafuta yake, itikise kwa nguvu kisha uiweke chini. Biodizeli nzuri hujitenga na maji ndani ya nusu saa hivi, pakabaki mstari ulio wazi kati yake. Ikigeuka nyeupe nzito kama maziwa na ikabaki hivyo, ina sabuni au haikuiva. Mrudishie mwenyewe.

Habari ya tuktuk iacheni kabisa. Kuuza mafuta ya gari bila leseni ni kosa, na EPRA, hao wa mamlaka ya nishati wanaotangaza bei ya mafuta kila tarehe 14, wana kazi hiyo pia. Lakini hata lau isingekuwa sheria, yule kijana wa tuktuk anailipia kila siku kwa mkopo. Ikimfia kwa mafuta yenu, mtamlipa na nini?

Mwambie shemeji haya mwenyewe, mkiwa wawili, na umshukuru kwanza. Alipoona mafuta yanamwagwa aliona riziki, na aliona sawa. Mke wako naye mwonyeshe stoo ikiwa tupu. Halafu uniandikie oili uliyoisugua kati ya vidole ilikuwaje.